Dakika Sita Bila Mkono

Inspekta alikuwa amepanda ndege mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alifumba macho tangu inaruka mpaka inatua. Kwa hiyo hakuna kitu kilichokuwa kimemwandaa kwa ukuta ule.

Ulikuwa ukuta mmoja mzima wa skrini, mrefu kuliko basi, na ndani yake dunia yote imelazwa chali. Juu ya bahari na majangwa vilitambaa vialama vidogo, mamia kwa mamia, kila kialama ndege, na ndani ya kila ndege watu wenye mizigo na ugomvi wao na watoto wanaolia. Chumba chenyewe kilikuwa kimya. Watu saba walikaa kwenye viti saba, wakibofya polepole kama wanaoandika barua za posa. Inspekta alisimama mlangoni na faili lake kwapani, akasahau kusalimia.

"Usijali," alisema Mkuu wa chumba, mwanamume mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa. "Kila anayeingia mara ya kwanza hufanya hivyo. Waziri alisimama hapo hapo robo saa nzima, chai yake ikapoa."

"Zote hizi ni zenu?"

"Zetu ni za kijani. Arobaini na sita. Hizo za manjano ni za ndugu zetu."

Ndugu hao walikuwa mashirika mengine manne ya ndege, katika mabara matatu. Serikali moja ya ng'ambo ilikuwa na mfuko wake wa uwekezaji, na mfuko huo ulikuwa umenunua hisa katika kila shirika, moja baada ya jingine, kabla ya kubisha hodi hapa. Sheria ya hapa ilimruhusu mgeni afike karibu na nusu, ila kwa sharti moja: usukani ubaki nyumbani. Ndege zipangwe ndani ya chumba hiki, na watu wa chumba hiki. Mfuko ulikuwa umebakiza hatua moja tu ufikie ile karibu-na-nusu, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilikuwa imemtuma Inspekta kuhakikisha sharti halijavunjwa.

Hiyo ndiyo kazi iliyoandikwa kwenye barua. Kazi iliyokuwa ikimkereketa moyoni ilikuwa nyingine.

Siku kumi na tisa zilizopita, ndege iliyokuwa iende mji wa kaskazini kuchukua abiria mia moja na kumi na wawili iligeuziwa njia ikapelekwa mji wa bandari. Abiria wa kaskazini wakaachwa kiwanjani mpaka jioni. Mmoja wao alikuwa mgonjwa, mwalimu mstaafu, aliyekuwa aje kupasuliwa moyo siku ile ile. Alikata roho kwenye machela yake, kando ya benchi la kusubiria. Mfumo ulionyesha wazi kwamba aliyeigeuza ndege ni Kiti cha Nne, saa nane na dakika tatu mchana. Na Kiti cha Nne, kwa miaka kumi na sita, kilikaliwa na mwanamke ambaye shirika zima lilimwita Mama Ratiba.

Leo saa kumi alikuwa anaitwa mbele ya kamati ya leseni. Alikuwa ameshapewa karatasi iliyotaja kiti na siku tu, si dakika: akiri kwamba alikosea, anyang'anywe leseni, yaishe. Asipokiri, mahakamani. Asubuhi Inspekta alipomtembelea, alimkuta ameketi sebuleni na kalamu mkononi. "Sikumbuki kuigusa," alimwambia. "Lakini mfumo hausemi uongo, au unasema?" Alikuwa amehoji wezi wengi, na aliwajua wanaokana kwa nguvu na wanaokana kwa ujanja. Huyu hakukana kwa namna yoyote aliyowahi kuiona.

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini.

"Nani anaweza kuigeuza ndege?" aliuliza.

"Aliyekaa kitini," Mkuu alijibu. "Viti saba, kila kimoja na namba yake ya siri. Tunaiita ufunguo."

"Na hawa wa ng'ambo?"

"Wana ufunguo wa kutazama. Kutazama tu, kama wewe sasa hivi."

"Hawagusi?"

"Inspekta, mkono mtupu haulambwi. Kabla ya hawa watu tulikuwa na ndege kumi na moja, nne ndizo zilizoruka, saba zimekaa nje zinafuga ndege wa kweli. Leo hesabu mwenyewe." Alinyoosha kidole ukutani. "Wametutoa matopeni. Lakini usukani ni wetu. Nimesaini kwa mkono wangu."

Alijibu haraka mno. Inspekta aliandika hilo pembeni ya ukurasa, akaenda Kiti cha Nne.

Aliyekikalia sasa alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, jina la utani Redio, na haikuchukua dakika mbili kujua kwa nini.

"Hiki kiti sikukiomba, mzee wangu," alianza kabla ya kuulizwa. "Niliamka nikaambiwa kaa hapa. Mshahara umepanda, sikatai, mimi si malaika. Lakini kila nikikaa naona kama nimekalia mto wa marehemu, na mwenyewe yu hai."

"Ulikuwa unakaa wapi siku ile?"

"Kiti cha Tano. Hapo pembeni."

"Ufunguo wake uliujua?"

Redio alicheka kidogo. "Nani hakuujua? Ni tarehe ya kuzaliwa mwanawe kitinda mimba. Kila mwaka tunaalikwa tukale keki."

Inspekta hakucheka. Hapa palikuwa na mtu aliyekaa hatua moja kutoka kwenye kiti, aliyeujua ufunguo, na aliyepandishwa cheo wiki moja baada ya mwenye kiti kuanguka. Kama kesi zote zingekuja zimeiva hivi, angekuwa amestaafu zamani.

"Saa nane na dakika tatu, siku ile, mikono yako ilikuwa wapi?"

"Mgongoni," Redio alisema bila kufikiri. "Na mgongo wenyewe kwa ukuta."

"Sikuelewi."

"Makabidhiano, mzee. Hakuna aliyekueleza?" Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti kama anayemwaga siri, ingawa wenzake wote walimsikia. "Zamani, kabla yangu, zamu inayotoka na zamu inayoingia zilikuwa zinapishana juujuu tu. Siku moja huyu akaituma ndege mashariki, na yule, hajui kama mwenzake ameshagusa, akaituma magharibi. Rubani akapata amri mbili. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tangu siku ile ikawekwa sheria ya chumba. Saa nane kamili, zamu mbili zinasimama pale mwisho, kwenye ubao. Mikono nyuma. Tunaipa skrini mgongo, maana ukiiangalia tu mkono unawasha. Tunasoma ratiba kwa sauti kutoka kwenye karatasi, safari moja moja. Dakika sita. Mpaka tumalize, hakuna anayegusa kitu, hata simu ya mkewe."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata Mkuu akiingia wakati huo, anasimama."

Inspekta aliufunga mdomo wa kalamu, kisha akaufungua tena. Saa nane mpaka saa nane na dakika sita. Ndege iligeuzwa saa nane na dakika tatu. Kama Redio anasema kweli, katika dakika ile hakukuwa na mtu hata mmoja kwenye viti vyote saba. Na kama anasema uongo, basi ni uongo wenye mashahidi kumi na watatu.

Akaamua kungoja aone.

Saa nane kasoro, zamu ya pili ilianza kuingia, watu saba wenye chupa za maji na mabegi. Walisalimiana, wakaulizana hali za watoto. Saa nane kamili wote kumi na wanne walikwenda mwisho wa chumba, wakajipanga mbele ya ubao mweupe, mikono nyuma kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Redio ndiye aliyeanza kusoma. Mkuu wa chumba alisimama pembeni yao, naye ameupa ukuta mgongo. Alimpungia Inspekta aje asimame kama wao.

Inspekta alikusudia kwenda. Alipiga hatua mbili. Lakini macho yalimkatalia. Ulikuwa mwezi wa kwanza wa masika, na juu ya bahari fulani ya mbali mamia ya vialama vilikuwa vikiizunguka dhoruba bila kugusana. Hakuweza kuyatoa macho. Akabaki katikati ya chumba, mtu pekee aliyeelekea ukutani.

"Mashariki, saa tisa kasoro robo," Redio alikuwa akisoma nyuma yake. "Ndege iko sawa. Haina mabadiliko."

Saa nane na dakika tatu, alama moja ya kijani ilisita.

Inspekta alidhani ni macho yake. Mstari mwembamba uliokuwa mbele ya ile alama ulififia, ukachorwa mwingine kwenda upande wa pili. Kisha alama ya manjano, katika bara jingine kabisa, ikafanya vivyo hivyo. Kisha tatu kwa pamoja. Kisha ukuta mzima ukaanza kusogea, kimya kimya, mistari ikifutika na kuzaliwa, ndege ya huku ikipunguzwa mwendo ili ya kule iwahi, watu waliolala usingizi angani wakibadilishiwa mahali pa kuamkia. Ilifanana na mama mzoefu anayepanga sahani kabatini huku anaongea na jirani dirishani. Hakuna haraka, hakuna kosa. Mashirika matano, ndege mia tisa, zikipangwa kama mali ya nyumba moja.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na hakuwahi kuona kitu kikubwa kiasi kile kikifanyika taratibu kiasi kile. Kwa muda alisahau kabisa kwamba amekuja kukamata mtu. Alikiona kizuri, na kukiona kizuri kulimtisha.

Kisha akakumbuka kazi yake, akasoma chini ya skrini. Chini ya kila ndege ya kijani iliyosogezwa kuliandikwa aliyeisogeza. Kiti cha Nne. Kiti cha Nne. Kiti cha Nne.

Akageuka. Mwenye Kiti cha Nne alikuwa mbele ya ubao, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti chake, mikono nyuma, anasoma.

"Bandari, saa kumi na moja. Haina mabadiliko."

Inspekta alingoja dakika sita ziishe. Sheria ya watu huheshimiwa. Walipotawanyika kurudi vitini, aliinua mkono.

"Samahani. Kabla hamjakaa. Ndege ya mashariki imebadilishwa saa ya kuondoka. Nani ameibadilisha?"

Zamu inayotoka iliitazama zamu inayoingia. Zamu inayoingia iliitazama inayotoka.

"Si nyinyi?" aliuliza mama mmoja wa zamu ya asubuhi.

"Sisi? Ndiyo kwanza tumefika. Tukajua ni nyinyi mmefanya kabla hatujaingia."

"Na jana?" Inspekta aliuliza. "Na juzi? Mkirudi vitini mkakuta kitu kimebadilika, mnafanyaje?"

Redio, kwa mara ya kwanza siku ile, alishusha sauti kweli. "Tunajua wenzetu wameshagusa. Hatuulizi. Kuuliza ni kama kumwambia mwenzio hajui kazi."

Kwa miezi ishirini, umri wa mfumo mpya, watu kumi na wanne waangalifu walikuwa wakiheshimiana.

Baada ya hapo kazi ilikwenda haraka. Inspekta aliomba orodha ya kila kilichofanywa na Kiti cha Nne tangu mfumo mpya ufungwe, akapiga mstari mwekundu kwa yaliyofanywa kati ya saa nane na saa nane na sita. Hakukuwa na siku iliyorukwa. Siku za Mama Ratiba, siku za Redio, hata wiki mbili za likizo ya Mama Ratiba, kiti kikiwa kitupu, Kiti cha Nne kilifanya kazi yake saa nane na dakika tatu kama kawaida. Ni yule mama wa zamu ya asubuhi aliyekumbusha kwamba makabidhiano hurekodiwa. Wakaitafuta ile siku. Wakaisikiliza mara mbili, na Redio akatoka nje akidai anakwenda kunywa maji.

Mkuu wa chumba alikuwa ameketi. Shati lake lilikuwa limeanza kukunjika.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema kwa sauti ndogo. "Walipokuja kufunga mfumo waliomba kiti kimoja cha kufundishia. Nikawapa cha Nne, maana ndicho chenye njia nyingi. Walipaswa kurudisha ufunguo."

"Wakarudisha?"

"Sikuuliza."

"Mama Ratiba aliposimamishwa, uliuliza?"

"Nilijiambia mfumo hausemi uongo."

"Wapigie," Inspekta alisema. "Sasa hivi. Tusikie wote."

Simu iliita mara moja tu. Aliyepokea alikuwa mwanamke, mwenye sauti tulivu ya mtu aliyeamka vizuri, akaongea lugha ile ya kazi inayotumika angani kote. Inspekta alijitambulisha, akauliza nani anazigeuza ndege za huku.

"Mashine inapendekeza," alisema yule mwanamke. "Mimi naidhinisha."

"Kwa nini saa nane na dakika tatu?"

"Kwa sababu ya adabu, bwana. Kila siku chumba chenu kinatulia dakika sita, hakuna mkono unaogusa. Tuliona hilo mapema sana. Tukifanya wakati huo hatugongani na nyinyi."

"Siku kumi na tisa zilizopita uliiondoa ndege moja kaskazini."

Vilisikika vidole vikibofya. "Ndiyo. Abiria mia na kumi na wawili wangeweza kungoja. Bandarini walikuwa mia moja na hamsini, wanawahi safari tatu. Lilikuwa chaguo zuri."

"Mmoja wa kaskazini alikuwa wa machela."

Vidole vikaacha kubofya.

"Kwenye skrini yangu hakuna machela," alisema. "Kuna viti tu. Kwani kulitokea nini?"

Alikuwa na sauti ya mtu mwema, na Inspekta alimwambia kilichotokea kwa upole kuliko alivyokusudia. Alipokata simu, alimsukumia Mkuu karatasi. "Andika usukani uko wapi. Andika tangu lini. Kisha saini, kama ulivyosaini kwanza."

"Unajua nikisaini hii watajitoa? Tutarudi kwenye ndege nne."

Inspekta alitazama ukutani. Alijua. Mle ndani mlikuwa na kitu ambacho nchi yake isingekijenga hata kwa miaka mia, na yeye ndiye aliyekuwa anakizima. Aliona uchungu wa kweli, akauacha umuume.

"Kuna mtu ana kalamu mkononi saa hizi," alisema. "Saini."

Alifika jengo la kamati saa kumi kasoro dakika saba. Mama Ratiba alikuwa kwenye benchi la ukumbini, karatasi ya kukiri juu ya mapaja, amevaa sare yake ya kazi iliyofuliwa. Mumewe, fundi wa lifti, alikuwa kwenye benchi hilo hilo, lakini baina yao palikuwa na nafasi ya kukaa watu wawili. Mume alikuwa akizitazama kucha zake. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa yote, imebaki saini.

"Mama, hebu weka kalamu chini," Inspekta alisema, akihema. "Hukuigusa. Si wewe."

Alimtazama kama anayesemeshwa lugha ya kigeni. "Mzee wangu, usinihurumie. Nimejitafuta siku kumi na tisa. Usiku naiona mikono yangu inabofya. Nilishaanza kukumbuka."

"Unakumbuka ambacho hakikuwepo. Sikiliza."

Akatoa simu yake, akabonyeza. Ilitoka mikwaruzo ya chumba kikubwa, kikohozi cha mtu, kisha sauti ya mwanamke, imara, isiyo na shaka yoyote, ya siku ile, saa nane na dakika tatu:

"Kaskazini. Abiria mia moja na kumi na wawili. Mmoja wa machela, daktari anamngoja huku. Hii ndege, wenzangu, nawaomba, asiiguse mtu."

Mama Ratiba aliufunika mdomo kwa kiganja. Alilia bila sauti, mabega tu yakitikisika, na Inspekta alitazama pembeni mpaka alipotulia. Mlango wa kamati ulifunguka, karani akatoa kichwa akaita namba ya shauri lao. Hakuna aliyeinuka.

"Rudisha mwanzo," Mama Ratiba alisema.

Inspekta alirudisha.

"Na upandishe sauti. Baba watoto hapa hajasikia vizuri."

Mumewe alikuwa amesikia. Aliacha kucha zake, akasogea, akakaa pale palipokuwa na nafasi, naye akasikiliza tena tangu mwanzo.